Muuza Dawa wa Kojimachi na Kamera za Japani

Hotuba iliyotolewa Dar es Salaam mbele ya mkutano wa wapiga picha na wauzaji wa vifaa vya picha. Imewekwa hapa yote kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika.

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu wa studio, mafundi wa kamera, kaka na dada zangu mnaouza vifaa Kariakoo na kwingineko: wakubwa wangu shikamooni, na wadogo zangu habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie kamera za Japani, na najua wengi mmekuja mkitarajia nianze na Nikon au Canon. Majina hayo mnayavaa shingoni kila siku, hamnihitaji mimi kuwaeleza. Nataka kuwarudisha nyuma zaidi, wakati hapakuwa na kiwanda, wala hapakuwa na kamera hata moja inayojulikana kwa jina la Kijapani. Nataka kuwapeleka kwenye duka la dawa.

Ndiyo, duka la dawa. Lilikuwa mtaa wa Kojimachi, Tokyo, likiitwa Konishiya Rokubei. Mwaka 1873 kijana wa nyumba ile, Sugiura Rokusaburo, alianza kuuza vifaa vya picha na vya uchapaji wa litografia kando ya dawa za ukoo wake. Ni duka hilohilo ambalo wajukuu na vitukuu wa biashara yake walikuja kuliita Konica.

Sasa jiulizeni. Kwa nini muuza dawa? Kwa nini si seremala, maana kamera za wakati ule zilikuwa za mbao? Kwa nini si muuza miwani, maana lenzi ni kioo?

Jibu liko katika namna picha ilivyopigwa. Mpiga picha wa miaka ile alichukua kipande cha kioo, akakimwagia kolodioni, kimiminika kizito chenye etha na pombe kali. Akaingia gizani, akakizamisha katika nitrati ya fedha. Akakipachika kwenye kamera kingali kimelowa, akapiga, akarudi mbio gizani kukisafisha. Kioo kikikauka kabla hajamaliza, hana picha, na mteja ameshakaa kitini bila kutikisika bure. Kamera moja ilimfaa mpiga picha kwa miaka mingi. Dawa aliihitaji kila siku ya Mungu. Kwa hiyo aliyeshika uhai wa kazi ile alikuwa mwenye chupa.

Na chupa ikikosekana? Ngoja niwape kisa cha Nagasaki. Ueno Hikoma, mmoja wa wapiga picha wa kwanza kabisa wa Kijapani, alifungua studio yake huko mwaka 1862. Kabla ya kufungua, yeye na mwenzake Horie Kuwajiro walisoma kemia kutoka kwa Waholanzi, na dawa nyingi walilazimika kuzitengeneza kwa mikono yao. Inasimuliwa kwamba walipotaka amonia walifukia mifupa ya ng'ombe ikiwa bado na nyama, wakaiacha ioze, wakaichimbua, wakaichemsha. Majirani walishindwa kuvumilia uvundo. Wazee wangu, ninyi mnaokumbuka kutafuta dawa ya kusafishia picha mji mzima wakati wa uhaba, mnamwelewa Ueno kuliko profesa yeyote.

Huyo alikuwa mtu mwenye akili ya kipekee na moyo wa kuoza pamoja na mifupa yake. Lakini nchi haiwezi kupata wapiga picha mia kwa njia hiyo. Ili kijana wa kawaida afungue studio, lazima awepo mtu ambaye kazi yake ni kuhakikisha chupa ipo rafuni, imepimwa, haijachakachuliwa, na bei yake inajulikana. Mtu huyo ndiye msambazaji. Mtu huyo ndiye ninayemsemea leo.

Rokusaburo hakuwa peke yake, na si haki kumfanya kama aliyeanza yote. Asanuma Tokichi alikuwa ameanzisha biashara yake ya vifaa vya picha Tokyo mwaka 1871, miaka miwili kabla, na nyumba zile mbili zilishindana kwa miongo mingi. Ushindani ule uliwafaa sana wapiga picha.

Tena ulikuwa wakati wa mambo kugeuka. Mwaka huohuo wa 1873 Japani ilianza kutumia kalenda ya Kizungu. Mwaka huohuo mpiga picha Uchida Kuichi alimpiga picha Mfalme Meiji akiwa amevaa sare ya kijeshi ya mtindo wa Ulaya. Mfalme ambaye mababu zake hawakuonekana na macho ya raia, sasa sura yake iko juu ya karatasi! Mnadhani watu walipoona hivyo walibaki nyumbani? Walikwenda studio. Na studio zilikwenda kwa muuza dawa.

Miaka michache baadaye Rokusaburo alirithi uongozi wa ukoo na kuchukua jina la Rokuemon, akiwa wa sita kuitwa hivyo. Angeweza kukaa Kojimachi akala urithi wake. Badala yake duka la zamani alimwachia mdogo wake, naye akafungua jipya Nihonbashi, akaliita Konishi Honten. Nihonbashi ni mahali ambapo barabara za Japani huanzia kuhesabiwa umbali wake. Kwa biashara ya jumla ndiyo Kariakoo yao: mfanyabiashara wa mkoani akishuka mjini, hapo ndipo anapofungia mzigo. Rokuemon alikuwa ameamua kwamba hatauza kwa mtaa wake tu. Atauza kwa nchi.

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo roho ya hotuba yangu ilipo.

Sisi wauzaji tumezoea kusikia maneno fulani. Kwamba mtengenezaji ndiye mwenye akili, mpiga picha ndiye mwenye kipaji, na sisi wa katikati ni watu wa kuongeza bei. Mmeyasikia? Mimi nimeyasikia, na yananiuma, kwa sababu si kweli. Nani anajua kwamba lenzi fulani inaota ukungu wakati wa masika? Muuzaji. Nani anajua kwamba kijana anayeanza anataka kamera ndogo ya bei nafuu, wakati kiwanda kinaendelea kutengeneza kubwa? Muuzaji. Malalamiko yote yanatua juu ya kaunta yake, na matumaini yote vilevile. Kiwanda kinasikia mwangwi tu.

Rokuemon alisikia kwa masikio yake mwenyewe. Kila alichouza mwanzoni kilitoka nje ya nchi: kamera, dawa, karatasi. Ilibidi asubiri meli, alipe bei iliyopangwa na wengine, na mzigo ukifika umeharibika hasara ni yake. Mwaka 1882 akaanza mpango wa kutengeneza vifaa hivyo ndani ya Japani. Tazameni alivyoanza. Hakujenga jumba. Aliwatafuta mafundi wa mbao waliojua kuunganisha masanduku kwa ustadi wa zamani, akawapa kazi ya kuunda miili ya kamera. Lenzi ziliendelea kutoka Ulaya. Kile ambacho mkono wa fundi wa Tokyo uliweza kukifanya, kilifanywa Tokyo. Kile ambacho bado, kiliagizwa. Bila kujidanganya na bila kujidharau.

Miaka ishirini ikapita. Ishirini! Mwaka 1902 ndipo alipojenga kiwanda, Rokuosha, nje kidogo ya mji wa wakati ule. Leo ni katikati ya Tokyo kabisa, kwenye bustani kuu ya Shinjuku, chini ya maghorofa yale mnayoyaona kwenye picha za watalii. Mwaka 1903 kampuni ikatoa karatasi ya picha iliyotengenezwa Japani, na mwaka huohuo ikatoa kamera iitwayo Cherry.

Cherry ilikuwa kisanduku tu. Ukiiweka mezani leo, mtoto ataiuliza skrini yake iko wapi. Ilitumia mabamba madogo ya kioo makavu, yasiyohitaji ile haraka ya kolodioni, na ilibebeka mkononi. Lakini huhesabiwa kuwa kamera ya kwanza ya Kijapani kuuzwa kwa jina lake kama bidhaa ya watu wengi. Kodak wa Marekani walikuwa wametoa Brownie miaka mitatu tu nyuma yake, kwa dola moja. Kwa hiyo Rokuemon aliona vizuri upepo unakoelekea: kamera inatoka mikononi mwa mwenye studio na kuingia mikononi mwa baba wa familia, mwanafunzi, msafiri. Na aliliona hilo akiwa nyuma ya kaunta.

Mwaka 1909 ikaja Pearl. Mwaka 1925 ikaja Pearlette, ndogo, ya kukunja, mwili wake wa chuma. Hii iliiga Vest Pocket ya Kodak, na sioni haja ya kulificha. Walijifunza kwa kuiga, kisha wakaiboresha mwaka baada ya mwaka, na ilidumu sokoni muda mrefu kuliko kamera nyingi za wakati wake. Fundi yeyote hapa amejifunza kwa kufungua kitu alichokitengeneza mwingine. Nani amewahi kujifunza kwa njia nyingine?

Kuna jambo ninalolipenda kuliko kamera zote hizo.

Mwaka 1894 duka lile lilianza kuchapisha jarida la kila mwezi, Shashin Geppo. Duka! Si serikali, si chuo. Ndani yake mliandikwa namna ya kupima dawa, namna ya kutumia mwanga, habari za mabamba mapya, picha za wasomaji. Mpiga picha wa mji wa mbali, ambaye pengine hakuwa na mwenzake wa kumuuliza, alipokea majibu kwa posta. Na jarida lile halikufa baada ya matoleo mawili matatu kama yanavyokufa mengi. Liliendelea hadi 1940.

Najua mfanyabiashara mmoja hapa anajisemea moyoni: hiyo ni matangazo tu. Ndiyo, yalikuwamo matangazo. Lakini ndugu yangu, mtu asiyejua kupima dawa anaharibu mabamba mara tatu, anakata tamaa, anarudi shambani. Anayejua anapiga picha miaka thelathini, na miaka thelathini ananunua. Kumfundisha mteja ilikuwa biashara, na ilikuwa pia utu. Sioni kwa nini tulazimike kuchagua moja.

Rokuemon wa sita alifariki mwaka 1921. Alikuwa ametamani liwepo shule la kufundisha upigaji picha kama taaluma kamili, lakini hakuliona. Mwanawe, Rokuemon wa saba, alitimiza wosia ule. Mwaka 1923 ikafunguliwa Shule ya Upigaji Picha ya Konishi, Tokyo.

Nani anakumbuka kilichotokea Tokyo mwaka 1923? Tarehe 1 Septemba, karibu na saa sita mchana, wakati watu wanapika, likaja tetemeko kubwa la Kanto. Majiko yakapinduka, moto ukashika nyumba za mbao, upepo ukausambaza. Zaidi ya watu laki moja walikufa au kupotea. Nihonbashi, moyo wa biashara, iliteketea. Shule ilikuwa na miezi tu tangu kuzaliwa. Mfanyabiashara wa kawaida, wakati kama ule, anakata kila gharama isiyoleta fedha kesho asubuhi. Na shule haileti fedha kesho asubuhi. Lakini shule ile haikufungwa. Ipo mpaka leo, imekua ikawa chuo kikuu, kinaitwa Tokyo Polytechnic, na upigaji picha bado unafundishwa humo. Miaka mia imepita.

Sasa niruhusuni niwaache akina Konishi kidogo, niwape kisa cha msambazaji mwingine, kwa sababu nimeona vijana wa Canon pale mbele wanaanza kuangalia saa.

Miaka ya 1930 kamera iliyotamaniwa duniani ilikuwa Leica ya Ujerumani. Kwa Japani bei yake ilifika yeni 420, wakati msomi aliyetoka chuo kikuu akaajiriwa benki alianza na yeni 70 kwa mwezi. Mshahara wa miezi sita! Alikuwapo fundi mmoja, Yoshida Goro, ambaye tangu utotoni alipenda kufungua kamera na kuzifunga. Akafungua Leica. Akazitoa sehemu zake moja moja, akazipanga mezani. Baadaye alieleza kwamba hakukuta almasi mle ndani. Alikuta shaba, aluminiamu, chuma na mpira, vitu visivyo na bei ya kutisha, na ikamkera kwamba vikiunganishwa vinauzwa ghali namna ile.

Mwaka 1933 yeye na shemeji yake, Uchida Saburo, wakaanzisha karakana ndogo Roppongi. Aliyewasaidia kwa fedha alikuwa Mitarai Takeshi, daktari wa uzazi. Mnaona? Muuza dawa kule, daktari huku. Mwaka 1934 wakatangaza kamera waliyoiita Kwanon, kwa heshima ya Kannon, bodhisatwa wa huruma katika dini ya Kibuddha. Tangazo likatoka kwenye jarida kabla kamera yenyewe haijawa tayari kuuzwa.

Walikuwa na wazo. Walikuwa na mikono. Hawakuwa na lenzi, na hawakuwa na duka. Lenzi ilitoka Nippon Kogaku, kampuni ambayo leo inaitwa Nikon. Ndiyo, kamera ya kwanza ya Canon ilitoka na lenzi ya Nikkor. Ninyi mnaogombana kila wiki kwenye makundi ya WhatsApp juu ya nani bora, mkalale nalo hilo. Na duka? Duka lilikuwa Omiya Shashin Yohin, msambazaji wa vifaa vya picha ambaye bidhaa zake alizipa chapa ya Hansa. Kamera ilipoingia sokoni mwaka 1936 kwa yeni 275, juu yake palichorwa neno hilo: Hansa. Historia inaijua kama Hansa Canon. Msambazaji aliweka jina lake juu ya chuma, mbele ya jina la mtengenezaji, kwa sababu wateja walimjua yeye. Nani alimjua fundi wa Roppongi? Hakuna. Omiya walijulikana, na kwa kujulikana kwao walimdhamini asiyejulikana.

Wakusanyaji wa leo wanazitafuta kamera zile kwa bei ambayo sitaitaja hapa, wenye pochi nyepesi wasije wakaumia.

Turudi Konishi, nimalizie. Mwaka 1929 walitoa filamu yao, Sakura. Mwaka uliofuata, kwa upande wetu huku, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio Unguja, studio ambayo picha zake za Zanzibar wengi wenu mmezikuza na kuzining'iniza. Mwaka 1940 Konishi wakatoa filamu ya rangi, ya kwanza kutengenezwa Japani. Baada ya vita, mwaka 1948, ikaja kamera yenye jina la Konica. Mwaka 1975 wakatoa C35 EF, kamera ndogo yenye flashi yake ndani. Mwaka 1977 wakatoa C35 AF, ya kwanza ya kuuzwa kwa wingi ambayo inajilenga yenyewe. Fikirini maana yake: shangazi aliyealikwa harusini, ambaye hajui kulenga wala hajui mwanga, anabonyeza na sura zinatoka. Cherry ya 1903 ilikuwa inatafuta kumfikia shangazi huyo.

Mwaka 1987 kampuni yote ikachukua jina la Konica. Mnaokumbuka miaka ile mnayakumbuka mabango yake ya buluu, mikanda yake, karatasi zake kwenye mashine za kusafishia picha. Mwaka 2003 ikaungana na Minolta. Tarehe 19 Januari 2006 ikatangaza kwamba inaacha kamera, na filamu na karatasi pia. Sehemu ya kazi ya kamera ilikwenda kwa Sony. Miaka 103 baada ya Cherry, miaka 133 baada ya ile rafu ya Kojimachi. Kampuni yenyewe haikufa. Inatengeneza mashine za kunakili na kuchapisha, pengine barua ya mwaliko wa mkutano huu ilitoka kwenye mojawapo. Lakini mimi niliposikia tangazo lile niliumia, nawaambia ukweli, kama mtu anayesikia kwamba nyumba ya mwalimu wake imevunjwa.

Sasa, mmejiuliza nimeyajuaje haya yote? Watu wanaochunguza kamera za zamani za Japani wanaweza kukwambia kamera fulani ilitoka mwaka gani, kwa bei gani, na lenzi ipi. Wanajua kwa sababu maduka yalichapisha katalogi, yaliweka matangazo kwenye majarida, na nakala zikatunzwa. Orodha za bei. Karatasi ambazo sisi tunafungia vitumbua.

Na sisi? Nani alileta kamera za kwanza kuuzwa Mwanza? Nani alikuwa wakala wa mikanda Tanga, nani alisafisha picha za rangi wa kwanza Moshi, na alitoza kiasi gani? Majibu yapo. Yapo kwenye daftari za mikopo zilizo chini ya makabati yenu, kwenye risiti, kwenye bahasha za picha zenye mhuri wa studio, kwenye vichwa vya wazee walioketi safu hii ya mbele.

Kwa hiyo nimezungumza na mwenyekiti na amekubali. Mkutano ujao patakuwa na meza moja mlangoni, na vijana wawili wenye skana. Leteni daftari, leteni risiti, leteni katalogi, leteni picha ya duka la baba likiwa na bango lake. Zitaskaniwa mbele ya macho yenu na mtaondoka nazo mkononi. Wazee wetu wa studio, ninyi tutawapigia simu mmoja mmoja kupanga siku ya kuja kuwarekodi nyumbani, na tutaanza na mliofungua kabla ya 1970. Asanteni kwa kunisikiliza. Mwenyekiti, naomba kwanza uruhusu maswali kutoka kwa mafundi, maana hao ndio hukatizwa kila mwaka.